Kamisheni ya Mguu Uliovunjika

Hapa Busia, mahali boda boda ilipoanza kwa kuvusha watu mpakani kwa baiskeli, kila safari ina kamisheni. Peleka mgeni lojing, unapata kitu. Peleka dereva wa lori kwa wabadilishaji pesa, unapata kitu. Ndiyo maana beshte yangu wa boda aliponiuliza kwa nini asilipwe akimpelekea wakili majeruhi wa ajali, nilikwama.

Sheria ya Mawakili, kifungu cha 38, inasema ni kosa. Lakini yeye hakuuliza habari za jela. “Bila mimi,” alisema, “yule mama angejuaje ana haki ya fidia?”

Ana pointi. Kumwonyesha mtu njia ni wema. Ila mgeni akipelekwa lojing mbaya, kesho anahama. Mama aliyevunjika mguu atajua baada ya miaka, kesi ikishaharibika. Na aliyemwamini alimchagulia wakili anayelipa vizuri, si anayejua kazi.

Nikamuuliza: “Unaweza kumwambia yule mama unalipwa ngapi?”

Alinyamaza, akawasha pikipiki. Nadhani alikuwa amejijibu.