Kazi Inayofunikwa

Zipo kazi ambazo mtu akizimaliza huonekana na kila apitaye: nyumba iliyoezekwa, shamba lililopaliliwa, ubao uliojaa maandishi safi. Na zipo kazi ambazo mwisho wake ni kufunikwa. Kazi ya mchimba msingi hufunikwa na kuta, ya fundi bomba hufunikwa na sakafu. Swali ninaloomba tulitafakari, ndugu msomaji, ni hili: mtu akikosea katika kazi ya namna hiyo, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika, anadaiwa nini, na nani anayemdai?

Swali hili nililifundisha kwa miaka mingi nikidhani jibu lake nalijua. Tangu nilipotoka chuo cha ualimu mwaka 1972 hadi nilipostaafu nikiwa mwalimu mkuu, sikuona shida yoyote ndani yake. Shida niliiona nikiwa na umri wa miaka 73, mwezi Oktoba 2023, kando ya bwawa la kuogelea la mwanangu katika jimbo la Ohio, Marekani.

Nianze kwa kusema kuwa bwawa lile lilinipa tabu moyoni tangu siku ya kwanza. Mwanangu ni muuguzi wa hospitali. Nyumba aliyoinunua ilikuwa na bwawa tayari, limechimbwa uani na kujengwa kwa zege. Nilimuuliza linachukua maji kiasi gani, akanijibu kama lita 75,000. Sikulala kabla ya kupiga hesabu. Marehemu mama yangu alichota maji kisimani kwa ndoo ya lita 20, ndoo nne kwa siku. Bwawa lile ni ndoo 3,750. Ingemchukua mama zaidi ya miaka miwili na nusu kulijaza, bila kupika wala kufua. Sikumwambia mwanangu hesabu hiyo. Mgeni hapimi chungu cha mwenyeji.

Oktoba ilipofika, aliniambia kuwa bwawa linapaswa kufungwa kabla ya majira ya baridi. Makampuni ya kazi hiyo yapo, lakini hutoza fedha nyingi, naye alikwisha jifunza kuifanya mwenyewe. Nilifurahi kusikia hivyo. Sisi tulioanza kazi baada ya Mwalimu Nyerere kutoa kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 hatupendi kulipia kazi ambayo mikono yetu inaiweza. Nikamwambia, "Nipe koti na kazi."

Sisi tuliozaliwa kwenye joto hatuyajui maji upande wake huu. Maji yakipoa huwa mazito zaidi yanapofika nyuzi 4 za sentigredi. Baada ya hapo huanza kutanuka, na yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9. Ndiyo maana barafu huelea. Asilimia 9 yaonekana kidogo, lakini ndani ya bomba lililofungwa pande zote haina pa kwenda, na bomba la plastiki hupasuka. Bomba lenyewe limezikwa chini ya zege. Hupasuka Januari, na mwenye nyumba hujua majira ya joto yanapokaribia, maji yanapoanza kupungua pasipo sababu. Hapo ndipo huvunja sakafu kutafuta ufa.

Basi kazi ilianza siku kadhaa kabla. Tulingoja maji yapoe kwanza, kwani yakifunikwa yakiwa na joto mwani huota kwa urahisi. Tulisugua kuta, tukafyonza taka, tukapima maji hadi kipimo cha asidi kikawa kati ya 7.2 na 7.6, tukatia klorini ya kutosha na dawa ya kuua mwani. Kisha tukasafisha chujio la mchanga kwa kuyapitisha maji kinyumenyume, na tukateremsha maji ya bwawa hadi chini kidogo ya midomo ya mabomba.

Niliuliza kwa nini tusiyamwage yote tukapumzika. Mwanangu akaniambia kuwa bwawa tupu ni kama mtumbwi. Maji ya ardhini yakipanda wakati wa mvua au theluji inapoyeyuka hulisukuma kutoka chini, na zege lote linaweza kuinuka shimoni. Uzito wa maji ndiyo nanga yake. Nililifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. Nilikuwa nimedhani kuwa kulinda kitu na baridi ni kukitoa kila kilichomo, kumbe kuna kinachotolewa na kuna kinachoachwa, na kujua kipi ni kipi ndiyo elimu yenyewe.

Mwanangu alifungua vizibo vya pampu na vya chujio ili maji yatoke yote, akavitia vizibo hivyo ndani ya kikapu cha pampu, ili atakayefungua bwawa asihangaike kuvitafuta. Katika tundu la pembeni linalonyonya majani ya juu alimimina dawa ya kuzuia kuganda. Alinionya kuwa ile ya magari haifai, maana ni sumu. Ya mabwawa hutengenezwa kwa propilini glikoli. Ndani ya tundu hilo alisimamisha chupa tupu ya plastiki iliyofungwa vizuri, ili barafu ikitanuka iibonyeze chupa na kuuacha ukuta.

Ilibaki kupuliza mabomba. Mwanangu aliazima kompresa kwa jirani, akaiunganisha upande wa pampu, nyuma ya ua wa miti. Mimi nilisimama kwenye bwawa. Yeye angefungua bomba moja moja, upepo utoe maji yote, mimi ningeangalia mdomo wa bomba hadi utoke ukungu mtupu, nizibe kwa kizibo cha mpira, kisha niite "Tayari!" naye afunge. Kutoka alipokuwa hakuweza kuniona wala kuuona mdomo wa bomba. Alikuwa na neno langu tu.

Bomba la kwanza lilikwenda vizuri, na la pili pia. La tatu ndilo lililokuwa refu kuliko yote. Lilitema maji, likanyamaza, likatema tena. Jua lilikuwa linazama, upepo umekuwa mkali, vidole havina hisia, na magoti yangu yananiuma kwa kuchuchumaa. Nilisubiri kidogo. Likatema tena. Nikasema moyoni, yaliyobaki ni machache. Nikasukuma kizibo, nikakikaza, nikaita, "Tayari!"

Kompresa ikanyamaza. Tulitandaza turubai nene juu ya bwawa, tukavuta mikanda yake na kuifunga kwenye vyuma vilivyozamishwa kwenye zege. Mwanangu akasema, "Asante baba, peke yangu nisingemaliza leo." Akaenda kurudisha kompresa, akaoga, akaondoka kwenda zamu ya usiku.

Usiku ule sikupata usingizi. Niliketi kitandani nikijitetea kama wakili. Utetezi wa kwanza ulisema: bomba huenda lisipasuke, kama lina nafasi ya hewa ndani, barafu itapata pa kutanukia. Huu ulikuwa na ukweli. Wa pili ulisema: mwanao anarudi asubuhi amechoka, ukimwambia, utamtwisha kazi ya kufungua turubai na kuazima mashine upya, tena siku yake ya mapumziko, kwa ajili ya jambo ambalo huenda si kitu. Huu nao ulikuwa na huruma ndani yake. Wa tatu haukusema kwa sauti. Ulininong'oneza kuwa tiketi yangu ya kurudi nyumbani ni ya Novemba, na bwawa litafunguliwa Mei.

Huo wa tatu ndio ulioniamsha. Nilitambua kwamba hizo mbili za kwanza zilikuwa hoja, ila nilikuwa nimezitanguliza ili hii iliyo nyuma isionekane.

Na hapo nikakumbuka miche. Mwaka 1990 mwanangu huyu alikuwa darasa la sita katika shule niliyokuwa nikiiongoza. Tulikuwa na kitalu cha miti, na watoto walimwagilia kwa zamu. Mwisho wa juma mmoja zamu ilikuwa yake. Jumapili jioni nilimuuliza kama amemwagilia, akasema ndiyo. Jumatatu miche ilikuwa imelala chini. Kwa kuwa alikuwa mwanangu, niliona ni lazima nimwadhibu mbele ya wote ili nisionekane nina upendeleo. Nilimwita mbele mstarini, nikamtaka aseme kwa sauti kuwa amedanganya, nikamchapa viboko vitatu. Mwaka ule wote nilijivunia msimamo wangu. Hata katika hotuba ya kuagwa kwangu kazini, mwenzangu mmoja alilitaja tukio lile kama mfano wa haki.

Mwanangu alirudi saa mbili asubuhi. Nilimkuta jikoni anakunywa chai akiwa amesimama. Nilisema, "Mwanangu, bomba la tatu halikukauka. Lilikuwa bado linatema maji nilipoita tayari. Nilijua."

Hakujibu mara moja. Alimaliza chai, akaosha kikombe. Nikamwambia alale kwanza, tutafanya mchana. Akasema, "Nikilala sitaamka leo. Vaa koti, baba, kuna baridi."

Alikwenda tena kwa jirani. Tulifungua mikanda ya upande mmoja, tukakunja turubai, nikatoa kizibo. Upepo ulipokuja, maji yakatoka, pengine lita moja, pengine mbili. Tuliacha mashine ifanye kazi hadi ukungu ukaisha kabisa, na safari hii alikuja mwenyewe kuangalia. Sikuona vibaya. Kama maji yale yangelipasua bomba au yasingelipasua, hakuna ajuaye, na hatutajua kamwe.

Tulipokuwa tukikaza mikanda akaniuliza, "Baba, unaikumbuka ile miche?"

Nikasema naikumbuka.

"Jumapili ile usiku nilikuja kukuambia. Nilifika mpaka mlangoni. Ulikuwa unasahihisha madaftari. Nikakuangalia, nikaogopa, nikarudi kulala."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anavuta mkanda, na aliendelea kuuvuta. Mimi nilishindwa kuendelea. Nilisimama pale nimeshika chuma mkononi, mzee mzima, nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu." Akasema, "Yameisha, baba. Shika upande huo."

Tangu siku ile nimelipima upya swali nililoanza nalo. Wapo wasemao kuwa kosa hupimwa kwa madhara yake: bomba lisipopasuka, hakuna aliyedhulumiwa. Sikubaliani nao. Mwanangu alifunga hewa kwa neno langu. Nilipolitoa neno lile huku nikijua si kweli, nilikwisha chukua kitu chake, hata kama barafu ingekuwa na huruma. Deni lilianza palepale kwenye neno "tayari", wala halikungoja Januari.

Wapo pia wasemao kuwa ukweli unaomchosha mwenzako ni heri ufichwe. Hilo ni gumu zaidi, maana huruma ni jambo jema, na sisi wazee tunawaficha watoto wetu maumivu mengi bila dhambi. Lakini nadhani kipimo chake ni rahisi: ninamficha kwa ajili ya nani? Kuyanyamazia magoti yangu nilimpunguzia yeye mzigo. Kunyamazia bomba lake kungenipunguzia mimi aibu, na mzigo ungebaki kwake.

Hayo mawili ningeweza kuyafundisha hata mwaka 1990. La tatu nisingeweza. Nilidhani uaminifu ni wajibu wa msemaji peke yake: mtoto aseme kweli, na asiposema achapwe. Sikuwahi kujiuliza kama mlango wangu ulikuwa mlango ambao mtoto wa miaka 12 angeweza kuubisha usiku akiwa na kosa mkononi. Kosa la kutomwagilia lilikuwa lake, na uongo ulikuwa wake pia. Lakini hatua zile kutoka mlangoni pangu kurudi kitandani kwake, nazo nina sehemu yangu. Miche ingali hai usiku ule. Ndoo mbili za maji zingeiokoa.

Mimi nilipata mtu wa kumwambia asubuhi. Alikuwa amechoka, alikuwa na haki ya kunifokea, na alikuwa na kumbukumbu ya kunilipizia. Akaniambia nivae koti. Sijui alijifunza wapi. Najua hakujifunza kwangu.

Mwezi Mei aliofungua bwawa alinipigia simu. Mabomba yote yalikuwa mazima, vizibo vya pampu alivikuta kikapuni. Mjukuu wangu alichukua simu akasema maji ni baridi mno lakini ameingia. Nilimwambia aangalie asiteleze.

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaosoma kitabu hiki tumekuwa wazazi, walimu, au wakubwa wa kazi. Tunaambiwa "tayari" kila siku na watu ambao hatuwaoni wakifanya kazi. Ni haki yetu kudai neno hilo liwe kweli. Ila kabla ya kudai, tukumbuke ni nani amewahi kufika mlangoni petu akarudi, na tukimfahamu, na kama angali hai, tumwendee sisi.