Majina Yanayosomwa na Yasiyosomwa

Iko filamu ya habari za kweli iliyotolewa mwaka 2012, iitwayo "Follow Me". Inasimulia maisha ya Yonatan Netanyahu, askari wa Israeli aliyeuawa Entebbe, Uganda, usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, akiwa na umri wa miaka 30. Barua zake zinasomwa humo, hata mtazamaji huondoka akimwona kama kijana wa jirani. Hatuoni ubaya. Aliyekufa akiwaokoa wengine astahili kutajwa kwa jina. Lakini twajiuliza: je, kumkumbuka mmoja kwatupa ruhusa ya kuwasahau wengine?

Tukumbushane habari yenyewe. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Ufaransa, iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris, ilitekwa baada ya kuondoka Athens. Watekaji walikuwa Wapalestina wawili na Wajerumani wawili. Iliposhushwa Entebbe, Idi Amin aliwapa watekaji msaada. Abiria wengi wasio Waisraeli waliachiliwa, lakini rubani Michel Bacos na wenzake walikataa kuwaacha waliobaki. Askari wa Israeli walipofika usiku waliokoa mateka 102. Katika wao wenyewe aliuawa mmoja, ndiye Yonatan.

Wengine je? Mateka watatu walikufa katika mapigano. Bibi Dora Bloch, mzee wa miaka zaidi ya sabini, alikuwa amelazwa hospitali ya Mulago. Alitolewa kitandani akauawa. Askari wa Uganda wapatao 45 waliuawa. Tena Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda waliuawa kwa kisasi, kwa sababu ndege za Israeli zilitia mafuta Nairobi. Hao hawakushika bunduki wala hawakuulizwa neno.

Mtu atasema: "Askari wale walimtumikia dhalimu. Tukiwahesabu pamoja na mwokoaji, tutakuwa tumechanganya mema na mabaya." Neno hili lina uzito, wala tusilipuuze. Aliyeteka na aliyeokoa si sawa. Lakini kuhesabiwa si kusifiwa. Sifa hupewa mtu kwa kadiri ya matendo yake. Kuliliwa ni haki ya kila aliyezaliwa na mwanamke. Askari wa zamu hachagui mgeni wa bwana wake, na mama yake hupokea habari ile ile ya msiba. Bwana wetu alitufundisha ya kuwa hata shomoro haanguki pasipo Baba kujua. Hakusema shomoro wa upande mmoja.

Sisi wa Nanganga, na ndugu zetu wa Nachingwea na Ruangwa, jambo hili si la mbali. Katika Vita ya Kagera, ya 1978 na 1979, majeshi yetu yaliingia Entebbe ile ile, mwezi Aprili 1979. Mwaka huo huo, Amin akiisha kufukuzwa, mabaki ya Bibi Bloch yalipatikana, akazikwa Yerusalemu. Basi hata vijana wa Tanzania walichangia mama yule kurudishwa kwa watu wake. Wapo wenzao waliolala Kaboya, mkoani Kagera. Filamu yao hatujaiona, nao walikuwa na mama zao.

Mwezi Novemba, katika kuwakumbuka Marehemu Wote, kila nyumba huleta majina yake kanisani. Tunapendekeza jambo dogo. Majina yakiisha kusomwa, tunyamaze kitambo kwa ajili ya wale tusiojua majina yao, pamoja na waliosimama upande wa pili wa bunduki zetu. Hilo halitapunguza heshima ya wapendwa wetu. Litatuzoeza tu kukumbuka ya kuwa orodha yetu ni fupi kuliko ya Mungu.