TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: ZAKARIYA ALIANZA NA MWILI WAKE



Leo tuzungumze na wale ambao kila wakifuturu wanaomba dua moja: mtoto.

Nabii Zakariya (a.s.) aliomba dua hiyo akiwa mzee. Ukifungua Surat Maryam, angalia alivyoanza. Hakuanza na mkewe. Alianza na yeye mwenyewe: mifupa yake imedhoofika, kichwa kimejaa mvi. Baadaye ndipo akataja kwamba mkewe ni tasa. Nabii wa Allah alitanguliza udhaifu wake!

Sisi je? Ndoa ikifika mwaka wa pili bila mimba, mawifi wanauliza, mama mkwe ananuna, na anayepelekwa hospitali, au kwa mganga, ni mke peke yake. Mume anasema, "Mimi mzima." Mzima umepima wapi? Katika Surat Ash-Shura Allah ametufundisha kwamba humjaalia amtakaye kuwa hana kizazi. Amtakaye, si mwanamke tu. Na madaktari wanasema mara nyingi tatizo lipo kwa mume, au kwa wote wawili. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa takribani mtu 1 kati ya 6 hupitia mtihani huu maishani.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Mutuka, kama mmekaa mwaka 1 mkitafuta mtoto bila mafanikio (miezi 6 kama mke amevuka miaka 35), nendeni wote wawili. Anzieni hapa hapa Babati, Mrara au hospitali ya rufaa ya mkoa. Ikihitajika mtapewa rufaa. Si kila tatizo ni la mamilioni. Yai lisilopevuka mara nyingi hutibiwa kwa vidonge. Maambukizi yakiwahiwa hutibika, na wote wawili hunywa dawa. Upandikizaji mimba huja mwishoni.

Je, upandikizaji ni halali? Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Amman mwaka 1986, liliuruhusu panapokuwa na haja: mbegu za mume, yai la mke, tumbo la mke huyo huyo. Akiingia mtu wa tatu, kwa mbegu, yai au tumbo, ni haramu.

Na funga? Baraza hilo hilo mwaka 1997 lilisema kutoa damu ya kupima, sindano isiyo ya lishe na uchunguzi wa ukeni havibatilishi saumu. Ila mume kutoa mbegu mchana kunabatilisha. Kipimo hicho kipange baada ya Idi.

Allah alimjibu Zakariya, na Surat Al-Anbiyaa inatueleza kuwa alimtengeneza mkewe akaweza kuzaa. Basi omba, na utafute tiba. Na mtoto asipopatikana, mke wako hajapungua thamani. Mama yetu Aisha (r.a.) hakuzaa, naye ni Mama wa Waumini.

Ndugu mume, leo baada ya tarawehe mwambie mkeo maneno mawili tu: "Tutaenda wote."

Ewe Allah, waruzuku wanaokuomba kizazi chema, na uwape subira wanaosubiri. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.