HARAKA NA HAKI YA ALIYE MBELE YAKO

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Abu Hurayra (r.a.) anasimulia kwamba mtu mmoja aliingia msikitini, akaswali mbiombio, kisha akaja kumsalimia Mtume (s.a.w.). Mtume akamwitikia salamu, akamwambia arudi akaswali, kwani hakuswali. Ikawa hivyo mara tatu, mpaka yule mtu akaomba afundishwe. Akafundishwa arukuu mpaka atulie, ainuke mpaka asimame sawasawa, asujudu mpaka atulie. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Tazama vizuri: kilichomponza ni kukosa utulivu. Basi jambo laweza kufanywa kwa viungo, na bado likahesabiwa kuwa halikufanyika.

Sasa jipime nje ya msikiti. Mtoto anakueleza habari za masomo, wewe unaitika "ndiyo, ndiyo" na macho yako kwenye telefone. Je, umemsikiliza? Umekwenda kumtazama mgonjwa, ukakaa ukihesabu dakika. Je, umemtazama? Katika sifa za Mtume imepokewa kwamba alipomgeukia mtu, alimgeukia kwa mwili wake wote. Aliye mbele yako ana haki juu yako, na nusu ya moyo haitoshi kuilipa.

Utasema: "Siku ni fupi. Pikipiki si yangu, na jioni mwenyewe anangoja franka zake." Neno lako ni kweli, na kutafuta riziki ya halali ni ibada. Sura al-Jumua inatuamuru tuache biashara tunapoitwa, na swala ikiisha tutawanyike tutafute fadhila za Allah. Dini haikukunyima kazi. Imekufundisha kila jambo ulipe saa yake, nawe uwemo ndani yake.

Tena Mtume alitukataza kukimbia hata tunaposikia iqama: twende kwa utulivu, tuswali tulichokiwahi, tukamilishe kilichotupita. Ikiwa hata swala haikimbiliwi, ni shughuli gani ya kukufanya umpite mtoto wako mbio?

Leo, baada ya salamu, usiviwahi viatu. Kaa, umtaje Mola wako. Na jioni, chakula kikiletwa, weka telefone mbali, uwaulize watu wa nyumba yako habari zao, kisha ungoje jibu.

Allah atupe utulivu katika swala zetu na baraka katika saa zetu. Amin.