Kuku Katika Pembe ya Picha: Wajibu wa Mhakiki Mbele ya Filamu za Aina Nyingi

Utangulizi

Mhakiki wa fasihi anayeombwa kutoa maoni kuhusu filamu hukabiliwa na ugumu wa namna mbili. Ugumu wa kwanza ni wa nadharia: istilahi zake nyingi zilitokana na maandishi, ilhali filamu husema kwa picha, sauti, mwendo na kimya. Ugumu wa pili ni wa kimaadili, nao ndio unaotushughulisha katika makala haya. Maoni ya mhakiki si maneno matupu. Huweza kuifungulia filamu mlango au kuufunga. Huweza pia kumfanya mtazamaji wa Embu au Meru aamini kwamba alichokiona si kitu, kwa kuwa mtaalamu wa Nairobi au London hakukitaja. Kwa hivyo swali letu ni hili: mhakiki anapohukumu filamu zisizofanana kwa asili, lugha na lengo, anawajibika kwa nani, na kwa kipimo gani?

Tutatetea rai kwamba wajibu wa kwanza wa mhakiki ni kuona, na kwamba wajibu huo haubadiliki hata aina za filamu zikibadilika. Kinachobadilika ni kipimo cha fani. Mifano yetu mikuu itatokana na filamu na mijadala inayowagusa watu wa mashariki ya Mlima Kenya, kwa sababu hapo ndipo tofauti kati ya anayetazama na anayetazamwa inapodhihirika wazi.

Kipimo kimoja au vipimo vingi?

Wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili wanaufahamu mgogoro huu. Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, aliweka wazi kanuni za vina na mizani. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wapo waliokipima kitabu hicho kwa kanuni zile zile wakahitimisha kwamba hayo si mashairi. Hawakukosea katika hesabu: vina havikuwapo. Walikosea katika swali waliloliuliza, kwani walimdai mtunzi kitu ambacho hakuahidi kukitoa.

Filamu nazo zina ahadi zao. Filamu ya mapigano kutoka Hong Kong huahidi wepesi wa mwili, na filamu ya hali halisi huahidi uaminifu kwa watu waliorekodiwa. Kuilaumu ya kwanza kwa kukosa falsafa, au kuisifu ya pili kwa uzuri wa mandhari peke yake, ni kurudia kosa la waliohesabu mizani ya Kichomi.

Hata hivyo, hatuwezi kukimbilia upande wa pili na kusema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake, basi kila maoni ni sawa. Tukikubali hivyo, tutakuwa tumeondoa uhakiki wenyewe. Maoni hugeuka kuwa hukumu ya kihakiki pale yanapoweza kufuatiliwa hadi kwenye picha: mhakiki anapoweza kumwambia mwenzake, "Tazama hapa," na mwenzake akatazama, hata kama hatimaye hatakubaliana naye. Hapo ndipo suala la kuona linapoingia.

Nani hakumwona kuku?

Historia ya sinema katika Afrika ya kikoloni imetuachia kisa kimoja chenye mafunzo makubwa. Kati ya 1935 na 1937 Notcutt na Latham waliendesha mradi wa filamu za elimu kutoka Vugiri, Tanganyika, na kuzionyesha katika nchi kadhaa, Kenya ikiwamo. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilichodumu hadi 1955. William Sellers, aliyekiongoza, alishikilia kwamba Mwafrika asiyesoma hawezi kufuata filamu ya kawaida. Anahitaji picha za polepole, zisizo na ujanja wa kukatakata matukio.

Kisa chenyewe kilisimuliwa na John Wilson wa Chuo Kikuu cha London, kisha kikaenezwa na Marshall McLuhan katika kitabu chake cha 1962. Wanakijiji walionyeshwa filamu fupi ya usafi inayofundisha jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kwamba ndani yake mlikuwa na kuku. Walipoirudia picha baada ya picha, walimkuta: kuku alipita katika pembe kwa muda wa kama sekunde moja. McLuhan alikichukua kisa hiki kuwa ushahidi kwamba wasiosoma hawajajifunza kuiona picha kwa ujumla wake.

Sisi tunakisoma kwa namna nyingine. Kuku alikuwamo. Aliyekitazama kioo na asimwone ni mtengenezaji, ambaye alikwisha kuamua kabla ya kutazama ni kipi chenye maana. Mwanakijiji aliona uhai uliotembea mahali palipojaa mafunzo. Hatudai kwamba kuku ndiye maudhui ya filamu ile. Tunadai kwamba mhakiki asiyemwona kuku hana haki ya kusema kwamba aliyemwona hakuielewa filamu.

Elsa na mwanamke wa mtoni

Tuchukue sasa filamu iliyoifanya Meru ijulikane duniani. Born Free, iliyoelekezwa na James Hill na kutolewa mwaka 1966, ilitokana na kitabu cha Joy Adamson cha 1960. Inasimulia jinsi Joy na mumewe George, afisa wa wanyamapori, walivyomlea simba jike Elsa na kumrudisha porini. Elsa halisi aliachiliwa Meru, akafa mwaka 1961 na kuzikwa huko. Mbuga ya Taifa ya Meru ilitangazwa rasmi mwaka ule ule filamu ilipotoka. Muziki wake ulimpa John Barry tuzo mbili za Oscar, na wahakiki wengi wa Magharibi waliipokea kama filamu safi ya familia inayofundisha huruma.

Sifa hizo si za uongo. Virginia McKenna na Bill Travers waliigiza karibu na simba kwa ujasiri usio wa kawaida, na tajiriba hiyo iliwaongoza baadaye kuanzisha shirika la kutetea wanyama. Mhakiki wa haki hana budi kuyataja hayo. Lakini filamu hii nayo ina kuku wake. Mwanzoni, kabla Elsa hajaingia katika hadithi, simba anamwua mwanamke Mwafrika aliyekwenda mtoni kufua. Kifo hicho ndicho kinachomtoa George kwenda kuwinda, na uwindaji huo ndio unaowaleta watoto wa simba nyumbani kwake. Kimantiki, pasipo mwanamke yule hakuna hadithi. Hata hivyo, hatujui jina lake, hatuoni matanga yake, wala hatusikii nani alibaki na watoto wake, kama alikuwa nao. Simba amepewa jina, historia na kaburi. Mwanamke amepewa dakika chache.

Mtazamaji wa Igembe au Tharaka, anayeishi karibu na mpaka wa mbuga na ambaye shamba lake linaweza kuingiwa na tembo usiku wowote, hawezi kuipita picha hiyo kwa haraka. Neno "huru" lililo katika anwani humwuliza: huru kwa nani? Je, mtazamaji huyo anaionea filamu? Hatudhani. Anaitazama kutoka mahali pake, na anachokionyesha kimo ndani ya filamu, kila mtu anaweza kukihakiki. Kasoro ya maoni yaliyotangulia si kwamba yaliisifu filamu, bali kwamba yaliisifu kana kwamba kiti cha mtazamaji kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa mbali na mto.

Msimulizi wa kibandani kama mhakiki

Huenda ikasemwa kwamba kazi ya kuonyesha kuku ni ya watu waliosoma. Ushahidi unakanusha. Katika vibanda vya video vya miji yetu, na baadaye katika kanda na simu, watazamaji wengi wa Kenya wamezijua filamu za Marekani, Uhindi na Uchina kupitia sauti ya DJ Afro, anayesimulia kwa Kiswahili na Sheng juu ya sauti ya asili. Tanzania ilikuwa na Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, na Uganda ina VJ Jingo. Wasimulizi hawa hawatafsiri tu. Humcheka shujaa anayejidai, humwonya mhusika asiyejua kwamba anafuatwa, huipeleka hadithi sokoni na nyumbani kwa msikilizaji. Hutoa maoni papo hapo, mbele ya hadhira inayoweza kumkatiza au kuondoka.

Wakoloni nao walitumia wafafanuzi katika maonyesho ya magari ya sinema, lakini mfafanuzi yule alitakiwa kuifunga maana isitoroke. Msimulizi wa kibandani huifungua. Ana makosa yake: hupotosha njama anapotaka kicheko, na mara nyingine huwafanyia wanawake dhihaka ambayo haimo katika filamu. Hapo naye anastahili kuhakikiwa. Lakini hawezi kufanya kosa moja ambalo sisi wa vyuoni tunalifanya mara kwa mara, yaani kuhukumu filamu ambayo hajaiona.

Si ajabu kwamba waelekezi wetu wamemtambua mtu wa aina hii. Katika Nairobi Half Life (2012) ya David "Tosh" Gitonga, tunakutana na Mwas kijijini akiuza filamu za kigeni kwa kuziigiza mbele ya wateja. Kabla hajawa mwigizaji jijini, au mwizi, Mwas ni mfasiri na mhakiki: anachagua tukio, analitia chumvi, analipa thamani. Anayeisoma filamu hiyo kama hadithi ya uhalifu peke yake, kama ilivyozoeleka, hupitwa na swali lake la msingi: kijana anayeishi kwa kuiga picha za wengine atapata wapi picha yake mwenyewe?

Hukumu inayotangulia macho

Mwaka 2018 ulituletea jaribio gumu zaidi. Mwezi wa Aprili, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko, kwa hoja kwamba inaeneza mapenzi ya jinsia moja kinyume cha sheria. Mwezi wa Mei ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuingia katika uteuzi rasmi wa tamasha la Cannes. Mwezi wa Septemba, Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu aliiondolea marufuku kwa siku saba, watu wazima waitazame, ili iweze kufikiriwa kwa tuzo za Oscar. Hatimaye kamati ya uteuzi iliichagua Supa Modo ya Likarion Wainaina, inayomhusu msichana mgonjwa asiye na tumaini la kupona ambaye wanakijiji wanamtengenezea filamu yake ya ushujaa.

Siku hizo saba hazikuwafikia wote. Kumbi zilizoionyesha Rafiki zilikuwa katika miji mikubwa. Meru na Embu zilibaki na mjadala bila filamu. Palikuwa na walioilaani na waliosifu ushujaa wake, na pande zote mbili zilikuwa na watu wengi wasioitazama. Kitanda usichokilalia, wahenga walisema, hujui kunguni wake. Waliolaani walijua mada tu. Waliosifu walijua marufuku tu. Wachache walizungumzia kilichomo: kwamba Kena na Ziki ni mabinti wa wanasiasa wawili wanaogombea kiti kimoja cha bunge la kaunti, na kwamba penzi lao linafinywa na kura na majirani sawasawa na linavyofinywa na mahubiri. Mtazamaji wa Embu, anayejua jinsi ushindani wa kata unavyoingia hadi jikoni mwa watu, huenda angemwona kuku huyo kabla ya mhakiki wa Cannes. Hakupewa nafasi.

Hoja ya upande wa pili ni nzito nayo inastahili kusikizwa: jamii ina haki ya kulinda maadili yake, na si lazima mtu aonje sumu ndipo aikatae. Tunajibu kwa mfano wa Meru kwenyewe. Mwaka 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipiga marufuku tohara ya wasichana. Leo wengi wetu tungekubali kwamba lengo la marufuku lilikuwa jema, kwani desturi hiyo ina madhara makubwa. Hata hivyo, wasichana wenyewe hawakuwa barazani. Wengi walijibu kwa kujikata wao kwa wao, wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri," na katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa kwa kuikaidi amri. Hatulinganishi filamu na kisu. Tunachosema ni kwamba hata hukumu yenye lengo sahihi huharibika inapotolewa bila kuwaona inaowahusu. Na ikiwa hilo ni kweli kwa hukumu iliyo sahihi, ni kweli zaidi kwa ile ambayo bado inabishaniwa.

Aidha, sumu huthibitishwa na aliyeipima. Anayetaka kudai kwamba filamu ni sumu hana budi kuonyesha ni picha gani, katika mfululizo gani, inayodhuru, na inamdhuru nani. Akifanya hivyo ameingia katika uhakiki, na tutamjibu kwa uhakiki. Asipofanya hivyo ametoa amri tu.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba wingi wa aina za filamu haumwondolei mhakiki wajibu wake wala haumpi kipimo kimoja cha kuzipimia zote. Matokeo yake kwa kazi yetu ya kila siku ni matatu. Kwanza, mhakiki aitazame filamu yote, na aipime kwa ahadi yake kabla ya kuipima kwa matarajio yake. Pili, aseme ameketi wapi anapotazama, kwa sababu aliye mbali na mto na aliye kandokando yake hawaoni Born Free moja. Tatu, ayachukue maoni ya watazamaji wasio wataalamu kuwa ushahidi unaopaswa kujibiwa, si kelele za kusahihishwa.

Linabaki jambo ambalo uhakiki peke yake hauwezi kulitatua. Kuona kunahitaji filamu ifike. Maadamu mtazamaji wa Maua, Runyenjes au Siakago anapata uvumi wa filamu kabla ya filamu yenyewe, maoni yetu kuihusu yatakuwa yanamsemea mtu ambaye hajaulizwa. Idara zetu za fasihi zina kumbi, umeme na wanafunzi. Kuzionyesha filamu hizo kwa jirani zetu pale sheria inaporuhusu, na kuandika walichokiona kabla ya kuwaambia tulichokiona sisi, ni kazi ndogo ambayo bado haijafanywa ipasavyo.