Kukidhi Sifa na Kuchaguliwa

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, swali moja linazunguka nchi nzima kama upepo wa kiangazi: kwa hizi alama, nitapata? Linaulizwa kwenye simu, kwenye kochi la sebuleni, kwenye benchi la duka. Na sisi wakubwa tuna tabia ya kulijibu haraka mno. Mwingine atasema "utapata tu, Mungu yupo." Mwingine ataangalia zile alama mara moja, atatingisha kichwa na kusema "hapo pagumu." Majibu yote mawili yanatoka mdomoni kirahisi, na yote mawili yanamfanyia kitu yule aliyeuliza. Hilo ndilo linalonisumbua.

Tuanze na maneno mawili ambayo watu huyachanganya: kukidhi sifa na kuchaguliwa. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa kitabu cha mwongozo kila mwaka. Humo utaona kwamba anayetaka kusomea udaktari wa binadamu anatakiwa awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, na kwa miongozo ya miaka ya karibuni kiwango cha chini ni D kwa kila somo, yaani pointi 6, maana A inahesabiwa 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2. Mtu akisoma hapo anafurahi: ninazo! Kweli unazo, ila mwongozo haujasema utachukuliwa. Umesema tu kwamba unaruhusiwa kusimama kwenye foleni.

Foleni ya Muhimbili ni ndefu. Shule ya udaktari pale Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, baadaye ikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007, na muda wote huo imebaki ndoto ya kwanza ya watoto wengi wa PCB nchi hii. Wenye A na B wanaomba. Nafasi zina idadi yake. Kwa hiyo alama ya kuingilia haipangwi na mtu yeyote mapema. Ni alama za yule wa mwisho aliyechukuliwa, na huyo hajulikani mpaka kazi iishe.

Wakulima wa ufuta wa kule kwetu wanalielewa jambo hili kuliko wasomi. Unapeleka magunia ghalani, unapewa stakabadhi, halafu unasubiri mnada. Ufuta wako ni uleule, umeshapepetwa, umeshapimwa. Bei inategemea wanunuzi waliokuja na mzigo wa wenzako. Ukimuuliza mkulima "utapata bei nzuri?" atakwambia ngoja mnada ufunguliwe. Hakuna anayemwona mkulima huyo ni mtu asiye na imani.

Mpwa wangu yuko Lusewa, Wilaya ya Namtumbo, ambayo wazee bado wanaiita Songea kwa sababu zamani ndiko ilikokuwa. Mwaka huu amepata C ya Biolojia, C ya Kemia na D ya Fizikia. Pointi 8. Alinipigia jioni, kumbe alikuwa amepanda mahali penye mtandao mzuri. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mama, hongera." Kisha kimya kidogo, kisha: "Mjomba, niambie ukweli. Muhimbili nitapata?"

Niambie ukweli. Haya, ukweli gani?

Mwaka 1866 Mwingereza mmoja, John Venn, aliandika kitabu kiitwacho The Logic of Chance, na humo aligusa tatizo ambalo halijatatuliwa hadi leo. Tukisema mtu ana nafasi fulani ya jambo kutokea, kwa kweli tunasema habari za kundi: katika watu wengi wa namna hii, wangapi limewatokea. Lakini mtu mmoja yumo katika makundi mengi kwa wakati mmoja. Mpwa wangu ni msichana wa kijijini. Ukimweka kundi hilo, nafasi yake ni ndogo sana. Ni mwenye pointi 8 za PCB. Kundi hilo lina nafasi nyingine. Ni mtoto aliyesoma kwenye shule ambayo majaribio mengi ya Kemia waliyafanya kwa kutazama ubaoni, na bado akatoka na C. Kundi hilo ni dogo kiasi kwamba hata namba hulipati. Lipi ndilo lake? Hesabu haikuambii. Anayemjibu ndiye anayechagua, na akishachagua huja kusema "mimi nimesema ukweli tu."

Wasomaji wa riwaya watakuwa wameshamkumbuka Jude, wa Jude the Obscure ya Thomas Hardy, ya mwaka 1895. Kijana maskini wa kijijini, anafundisha nafsi yake Kilatini na Kigiriki, anautazama kwa mbali mji wa chuo, Christminster, ambao Hardy aliuchora kwa sura ya Oxford. Anahamia mjini, anachonga mawe kwenye kuta za vyuo ambavyo haruhusiwi kuingia kama mwanafunzi. Anawaandikia wakuu wa vyuo kuomba ushauri. Mmoja tu anajibu, barua fupi: kwa kuwa wewe ni fundi, utafanikiwa zaidi ukibaki kwenye kazi yako. Jude anaingia kilabuni, na usiku anaandika kwa chaki kwenye ukuta wa chuo aya ya Kitabu cha Ayubu.

Nimekuwa nikibishana na rafiki yangu mmoja kuhusu barua ile. Yeye anasema mkuu wa chuo hakukosea. Kwa Uingereza ya wakati ule, fundi mawe kuingia chuo kile ilikuwa karibu na muujiza. Kama utabiri, ilikuwa sahihi. Mimi nasema hapo ndipo penye kosa. Mtu wa hali ya hewa akisema mvua haitanyesha, mawingu hayamsikii. Mkuu wa chuo akimwambia Jude hutapata, Jude anasikia, na zaidi ya hapo, aliyetabiri ndiye mwenye funguo za mlango. Ametamka kama mtazamaji jambo ambalo yeye ni mtendaji wake. Angekuwa mkweli angeandika: hatutakuchukua, na sababu ni hii. Hapo Jude angekuwa na wa kumlaumu.

Mwalimu wa kijijini anayesema "shule yetu haijawahi kupeleka mtu Muhimbili" hana funguo, hilo nakubali. Lakini naye si mtazamaji. Watoto wakimwamini, hawaombi. Wasipoomba, shule haipeleki mtu. Mwaka unaofuata anasema tena, na takwimu inamuunga mkono. Utabiri wa namna hii unajilisha wenyewe.

Sasa je, tuwadanganye? Kuna watu, na wengine ni waandishi wa vitabu vya kutia moyo, wanaotaka kila mtoto aambiwe anaweza chochote. Hao nao siwaelewi. Mfumo wetu si ule wa Marekani ambako vyuo kama Harvard huchukua watu chini ya 5 katika kila waombaji 100, na mwombaji anaandika insha na kuletewa barua za sifa, hivyo mpaka dakika ya mwisho anaweza kujiambia kuna neno lake moja litakalomgusa mtu. Kwetu alama ndizo zinazosema karibu kila kitu, na zikishatoka, zimetoka. Kumwambia mpwa wangu "jiamini" mwezi wa saba ni kumpa dawa ya ugonjwa mwingine. Kujiamini kulikuwa na kazi kabla ya mtihani.

Na matumaini yana bei. Tangu mwaka 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, kila chuo na ada yake ya maombi, kila chuo na tovuti yake. Kwa mtu wa Lusewa hiyo ni hela ya kifurushi, nauli, na pengine siku nzima kwenye duka la intaneti mjini. Akijaza udaktari kila mahali kwa sababu mjomba kasema Mungu yupo, awamu ya kwanza inaweza kumwacha mikono mitupu, na awamu ya pili anakuta kozi alizozidharau nazo zimejaa.

Nilimjibu hivi, na nimeendelea kulitafakari: Muhimbili udaktari, sioni, kwa pointi 8 wako wengi mbele yako. Omba hata hivyo, weka mara moja, usiweke mara tatu. Halafu tukakaa kwenye simu nusu saa tunapanga: udaktari Mbeya, udaktari Dodoma, uuguzi, maabara, na mkopo ukikosekana vyuo binafsi tusivitaje. Maana naona maswali ni mawili na tunayajibu kama moja. Kama uombe au usiombe, hilo halihitaji uwezekano mkubwa. Linahitaji tu mlango uwe haujafungwa na ada usiwe mzigo wa kukuua. Utapangaje machaguo yako, hapo ndipo makadirio yanapotakiwa, tena makavu, bila huruma.

Alisema, "Sawa mjomba. Kwa hiyo mimi si mjinga, ila wengine wamenizidi." Nikasema ndiyo. Lakini baada ya kukata simu niliona hata hilo "wamenizidi" lina maswali. Nyerere mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, alilalamikia elimu inayowaandaa wachache kupanda na kuwaacha wengi wajione wameshindwa. Novemba 1974 Azimio la Musoma likajaribu njia nyingine kabisa: umalize shule, ufanye kazi kwanza, na wenzako kazini na Chama waseme kama unafaa kwenda chuo. Ikaonekana wanawake wanapungua vyuoni, wakaruhusiwa kupita moja kwa moja. Baadaye utaratibu wenyewe ukafifia. Ulikuwa na upendeleo wake, maana binadamu anayekupendekeza naye ana shangazi zake. Lakini angalau ulikiri kwamba alama ya karatasini haimwelezi mtu mzima.

Mwanafalsafa Michael Sandel, katika The Tyranny of Merit ya mwaka 2020, anapendekeza vyuo vyenye ushindani mkubwa viwachambue wenye sifa, halafu vipige kura kati yao. Atakayekosa atajua amekosa kura, hatajiona mjinga. Atakayepata hatatembea kifua mbele. Nilimsimulia dada yangu, mama wa huyo binti. Alicheka kwanza. "Daktari wa bahati nasibu? Anipasue mimi?" Nikamweleza kwamba wote wangekuwa wenye sifa, kura inawatenganisha tu. Akanyamaza, nikasikia anapepeta kitu kwenye ungo. Kisha akasema, kaka, mbona hata sasa ni kura, imepigwa tu mapema, siku mwanangu alipozaliwa huku.