Bei ya Kungoja

Kila mwaka, kati ya Oktoba na Desemba, mahindi hushuka bei Kitale kwa sababu ambayo hata mtoto wa shule anaijua: yamevunwa yote kwa wakati mmoja. Mabroka huingia vijijini na mizani zao, malori hujaa, na mkulima aliyelima tangu Machi huuza gunia la kilo 90 kwa bei ambayo yeye mwenyewe anajua ni mbaya. Ikifika Mei au Juni, nyumbani hamna kitu, na mkulima yule yule yuko sokoni, Kitale au Webuye au Chwele, ananunua mahindi kwa kopo la gorogoro. Bei imeshapanda, na katika miaka mibaya imepanda sana. Ameuza rahisi, amenunua ghali, na zao ni lile lile, pengine hata limetoka shamba lile lile.

Maelezo ya haraka ya jambo hili yanajulikana, na husemwa na watu wema. Mkulima mdogo hana subira. Hajui kupanga. Akiona pesa, mikono inamwasha. Kwa hiyo anapelekewa semina ya elimu ya fedha, anafundishwa kuandika matumizi kwenye daftari, na kanisani Jumapili anakumbushwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Chini ya mafunzo hayo yote kuna dhana moja ambayo sijaona ikihojiwa vya kutosha: kwamba kungoja ni tabia, kitu kinachokaa ndani ya mtu kama ujasiri au ukweli, na kwamba asiyengoja amepungukiwa na kitu moyoni.

Mimi naona kungoja kuna bei, na swali la kwanza ni nani anailipa.

Tazama kinachomngoja mkulima wa ekari moja Bungoma siku anapomaliza kupukuchua. Kuna deni la mbegu na mbolea. Kuna duka la jirani ambako unga, sukari na sabuni vimekuwa vikiandikwa kitabuni tangu Mei. Karo ya Januari iko wiki chache mbele, na mwalimu mkuu hatangoja bei ya mahindi ipande ndipo afungue muhula. Kama ni mwaka unaogawanyika kwa mbili, ambao Wabukusu hutahiri, na nyumba ina kijana wa kutahiriwa, basi sherehe imekwisha kupita Agosti na madeni yake bado yako. Na mahindi yenyewe hayatulii. Yasipokauka vizuri yataota ukungu, yakikauka fukusi na dumuzi wataanza kazi, na chumba cha kuyaweka ni kile kile wanacholala watoto. Kila mmoja katika orodha hii anataka malipo sasa. Anayeuza Oktoba hajashindwa kungoja. Ni wengine waliokataa kumngoja.

Jambo hili lilipimwa. Wachumi Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walifanya kazi na One Acre Fund, shirika lililoanzia Bungoma mwaka 2006, na matokeo yao yakachapishwa 2019. Waliwapa baadhi ya wakulima mkopo wakati wa mavuno, huku wengine wa kulinganishwa nao wakikosa. Hawakuwafundisha subira wala kuwahubiria. Waliopata mkopo waliuza kidogo wakati bei iko chini na kuuza zaidi ilipopanda, na faida iliyotokana na mkopo huo ilikuwa kama asilimia 29.

Watu wengi hukomea kwenye ile asilimia 29. Kwangu mimi, uzito uko katika lile jambo dogo lililotangulia hesabu. Mkulima aliyepewa mkopo alikuwa na moyo ule ule aliokuwa nao wiki moja kabla. Hakuokoka, hakukomaa, hakusoma. Alichopata ni njia ya kumlipa mwalimu mkuu bila kuligusa gunia, na mara akaanza kutenda kama mtu mwenye subira. Kama tabia hubadilika hivyo kwa siku moja kwa sababu ya shilingi elfu kadhaa, basi huenda haikuwa tabia tangu mwanzo.

Wachumi wana desturi ya kupima subira kwa swali: ungependa shilingi 100 leo au 120 baada ya mwezi? Anayechagua 100 huandikwa kuwa anaithamini leo kuliko kesho. Lakini jibu hilo limebeba mambo mengi. Limebeba kama anamwamini anayeahidi kurudi mwezi ujao. Limebeba kama mtoto ana homa usiku huo. Limebeba kama jirani anamdai. Ukiyafuta yote hayo ukabakiza neno moja, subira, umempa mtu hukumu ya roho yake kutokana na hali ya mfuko wake.

Kosa hili lina ukoo mrefu. Katika karne ya 19, Nassau Senior alieleza kwamba mwenye mtaji anastahili faida kwa sababu amejinyima: angeweza kutumia mali yake, akajizuia. Karl Marx alilidhihaki wazo hilo. Baadaye Alfred Marshall, katika kitabu chake cha 1890, aliona taabu iliyomo: matajiri wanaokusanya mali nyingi kuliko wote wanaishi kwa anasa, na ni vigumu kusema wanajinyima. Akapendekeza tuseme wanangoja tu. Marekebisho hayo yalikuwa ya kweli, ila yaliacha mlango nusu wazi. Kama malipo ni ya kungoja, na kungoja si kujinyima, basi tunamlipa mtu kwa jambo ambalo halimgharimu chochote. Mwenye ghala Kitale aliyenunua magunia 1,000 mwezi wa Novemba hali mlo pungufu hadi Juni. Anakula kama kawaida na mahindi yanangoja kwa niaba yake. Simlaumu kwa hilo. Anabeba hatari ya bei kuanguka, analipa walinzi na dawa, na bila yeye Juni ingekuwa mbaya zaidi mijini. Ninachokataa ni kumwita mvumilivu na kumwita mwenzake mwenye pupa, ilhali tofauti yao ni ghala na akaunti ya benki.

Aristotle aliligusa hili kwa upande mwingine aliposema kwamba mkarimu anahitaji mali ili atende matendo ya ukarimu. Wote twakubali. Hakuna anayemlaumu maskini kwa kutojenga zahanati. Kwa subira tumekuwa wagumu zaidi. Tunaidai kwa asiye na kitu cha kungojea nacho, na akishindwa tunamhesabia kosa.

Hata hivyo kuna pingamizi ambalo silipiti juu juu, kwa sababu linatoka kwa wakulima wenyewe. Ukisema kila kitu ni hali ya mfuko, umemgeuza maskini kuwa jani linalopeperushwa: hana nia, hana udhaifu, hana ushindi. Watu hawajioni hivyo. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwafuata wakulima wa Busia waliosema mwisho wa msimu kwamba watanunua mbolea, kisha wakati wa kupanda ulipofika wengi hawakununua. Pesa zilikuwapo baada ya mavuno, zikaisha njiani. Watafiti wakajaribu kitu kidogo: kumfuata mkulima nyumbani mara tu baada ya kuuza, akiwa bado na pesa, na kumuuzia mbolea ya msimu ujao kwa bei ya kawaida, ila kufikishiwa ni bure. Wanunuzi wakaongezeka. Hapo nia ilikuwapo, na udhaifu ulikuwapo pia. Mkulima alijijua, akataka kufungwa mikono na mtu mwingine kabla pesa hazijayeyuka.

Nakubali yote hayo. Lakini mfikirie mwalimu wa shule ya upili mjini Kitale. Mchango wake wa SACCO hukatwa kabla mshahara haujamfikia. Mchango wa uzeeni hukatwa. Bima ya afya hukatwa, na mkopo wa nyumba hukatwa. Akistaafu na akiba nzuri, tutamsifu kwa nidhamu yake. Nidhamu gani? Hajawahi kuziona zile pesa. Udhaifu wake ni sawasawa na wa mkulima wa Busia, ila yeye ana mwajiri, ofisi ya mishahara na sheria za nchi zinazomsaidia kila mwezi kuushinda, na msaada huo umezoeleka kiasi kwamba hauonekani. Mkulima anatakiwa aushinde peke yake, kwa nguvu ya moyo, msimu baada ya msimu. Hivyo pingamizi halivunji hoja yangu. Linaipeleka mbele: hata ile sehemu ya subira iliyo nia kwelikweli hugawiwa misaada bila usawa.

Kuna sehemu ya utafiti wa mahindi ambayo naitafakari kuliko nyingine zote. Wale wachumi walitoa mikopo mingi katika maeneo mengine na michache katika mengine, makusudi, ili waone soko litafanya nini. Pale wengi walipongoja pamoja, bei yenyewe ilitulia. Haikushuka sana wakati wa mavuno wala kupanda sana baadaye. Kwa hiyo faida ya kila aliyekopa ilipungua, na jirani ambaye hakukopa hata shilingi akauza kwa bei nzuri zaidi na kununua kwa bei isiyomuumiza. Ukiipima subira mtu mmoja mmoja, utasema mpango umefaulu kidogo pale ulipoenea. Ukiipima kwa kijiji, ndipo utaona ulipofaulu hasa. Kungoja kwangu kunaingia kwenye bei unayolipa wewe. Falsafa ya subira tuliyorithi, ya mtu na nafsi yake, haina pa kuliweka jambo hilo.

Wala haina pa kuliweka gunia lililofungwa ndani ya nyumba yenye ndugu. Mahindi yaliyohifadhiwa hadi Juni ni akiba, lakini Machi shemeji akija na mtoto mwenye njaa yanakuwa kitu kingine. Kumwambia "hayo ni ya Juni" ni kauli nzito kuitamka katika nyumba ya Kibukusu, na mimi sitaki kuishi mahali ambapo imekuwa nyepesi. Wataalamu huuita msukumo huu wa kugawana kodi ya ujamaa, wakihesabu kile unachompokonya mwenye kuweka akiba. Hesabu hiyo ina ukweli ndani yake, ila ni nusu. Yule shemeji ndiye aliyekutumia pesa kwa simu mwaka mkeo alipolazwa. William Jack na Tavneet Suri walionyesha mwaka 2014 kwamba familia za Kenya zilizotumia M-Pesa hazikulazimika kupunguza matumizi zilipopatwa na msiba au ugonjwa, ilhali zisizoitumia zilipunguza. Pesa zilitoka kwa watu, ndugu na marafiki, na simu ilirahisisha njia. Watu hao nao walikuwa na kitu chao walichokusudia kukingojea, wakakiachia.

Hapa inanipasa nitofautishe kungoja kwa namna mbili, kwa sababu wanasiasa wa Kenya magharibi wamezichanganya kwa muda mrefu. Kuna kungoja ukiwa na kitu mkononi na uamuzi ni wako. Na kuna kungojeshwa. Mwaka 2018 wakulima wa Trans Nzoia waliokuwa wamepeleka mahindi kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao walikaa miezi bila malipo. Mkulima wa miwa wa Bungoma hungoja mwaka mmoja na nusu au zaidi hadi muwa ukomae, kisha, Nzoia ilipokuwa kiwanda cha umma, alingoja tena kimlipe, na malimbikizo ya malipo hayo yalikuwa habari ya kila kampeni. Watu hawa wameonyesha uvumilivu ambao hakuna semina inayoweza kuufundisha, na haukuwaletea mbivu yoyote. Mkopo wa bila riba umetoka kwa maskini kwenda kwa shirika la umma. Baada ya hapo, mwaka unaofuata, mkulima akimuuzia broka kwa bei ya kutupa kwa sababu broka analipa papo hapo, anaambiwa hana subira.

Kama subira inahitaji vitu, basi tujenge vitu hivyo, lakini kwa uangalifu. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa wanachama wa vyama vya kuchangiana pesa kwa mzunguko, huku huku Kenya magharibi, njia mbalimbali za kuweka akiba ya afya. Baadhi walipewa kisanduku chenye kufuli na ufunguo wake. Wengine walipewa kisanduku hicho hicho, ila ufunguo ukashikwa na msimamizi hadi lengo litimie. Mtu anayeamini kwamba tatizo la maskini ni udhaifu wa moyo angetarajia kisanduku cha pili kishinde. Cha kwanza ndicho kilichowasaidia wengi kununua vitu vya kinga. Watu walihitaji mahali pa kuweka pesa na jibu la kumpa anayeomba, na bado walihitaji kuzifikia usiku mtoto akizidiwa.

Kwa hiyo nina shaka na kila mpango wa kuhifadhi mahindi unaomfungia mkulima gunia hadi Juni kwa jina la kumlinda na nafsi yake. Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Ghala ya 2019 ina wazo bora zaidi: peleka mahindi ghalani, pata stakabadhi, kopa kwa dhamana yake, uza utakapotaka. Mahindi yanangoja na wewe unalipa karo. Ndivyo mwenye ghala wa Kitale alivyoishi siku zote. Lakini ghala linataka mahindi makavu, ya daraja linalokubalika, na usafiri wa kuyafikisha, na mtu wa magunia 2 kule milimani juu ya Chwele hana kikaushio wala lori. Akijiunga na wenzake 20 wa chama chake, wakakausha pamoja na kusafirisha pamoja, huenda akaingia. Ndani ya chama hicho lazima wakubaliane mapema juu ya jambo gumu, na wakubaliane wao, si afisa wa benki: mwenzao akija Februari anataka fungu lake kabla ya wakati kwa sababu mama yuko hospitali ya Bungoma, wamkatalie, wamkopeshe kutoka mfuko wa dharura, au wafungue stoo?